Mbwa wa Shamba Akipooza Miguu ya Nyuma: Soma Hapa Kabla Hujamwita Mtu wa Kumvuta Mgongo

Leo tunaacha kidogo mambo ya chanjo ya kuku na miche ya michikichi. Tunamwongelea mlinzi wa hiyo mali yote, yaani mbwa.

Kuna swali nimeulizwa mara kadhaa nikizunguka hapa Gungu na kata za jirani: "Afisa, mbwa wangu jana alikuwa mzima, leo anaburuta miguu ya nyuma. Kuna mzee anachua watu viungo, nimpeleke?" Na siku hizi vijana mna simu, kwa hiyo swali limeongezewa kipande: "Nimeona video huko Marekani wanavuta mgongo wa mbwa, unalia ka-ka-ka, mbwa anainuka anatembea. Hiyo si kitu kilekile?"

Swali ni zuri na linastahili jibu refu. Kabla sijajibu niseme wazi kwamba mimi ni afisa ugani, si daktari wa mifugo. Ninachokupa hapa ni maarifa ya kukusaidia uamue vizuri na uende kwa daktari ukiwa unajua cha kumwambia.

KWANZA TUONGEE PESA

Wapo watakaosema mbwa ni mbwa, akilemaa unatafuta mwingine. Sawa, lakini wewe ni mfugaji wa biashara, hebu piga hesabu. Tuseme una kuku 300 wa kienyeji chotara. Usiku mmoja mwizi au kicheche akiondoka na kuku 20, na kila mmoja ungemuuza shilingi 15,000, umepoteza shilingi 300,000 kabla jua halijachomoza. Mbwa aliyezoea banda lako, anayejua nani ni mgeni na nani ni kijana wako wa kazi, hukumpata kwa siku moja. Kumlea mwingine mpaka afike hapo ni mwaka mzima au zaidi.

Halafu kuna suala la sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mnyama akiwa mikononi mwako una wajibu wa kumtunza na kutomwacha ateseke. Kumwachia mbwa aliyepooza ajiburute barabarani mpaka afe si jambo la kawaida, hata kama tumelizoea.

SWALI LA KWANZA: JE, HUYU HANA KICHAA CHA MBWA?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa la hapa linaua mtu.

Watu wengi wanajua kichaa cha mbwa kwa sura moja tu: mbwa mkali, anakimbia ovyo, anang'ata kila anachokutana nacho. Lakini kuna sura ya pili, ya kupooza. Mbwa anakuwa mpole, amezubaa, anajificha gizani. Miguu inalegea, mara nyingi ya nyuma inaanza. Sauti inabadilika. Taya la chini linaning'inia, udenda unamtoka, anashindwa kumeza. Mwenye mbwa anadhani mfupa umemkwama kooni, anaingiza mkono mdomoni kuutoa. Mkono ukiwa na mchubuko mdogo tu, mate yenye virusi yanaingia.

Sasa fikiria mchuaji anamlaza mbwa wa namna hiyo kwenye mkeka na kuanza kumkanda mgongo. Mbwa mwenye maumivu hung'ata, na huyu anaweza kuwa na virusi mdomoni. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kinga pekee ni kuwahi kabla ya dalili.

Kwa hiyo mbwa akipooza ghafla, jiulize haya kabla hujamgusa:

1. Amechanjwa kichaa cha mbwa ndani ya mwaka huu, na kadi unayo?
2. Katika miezi iliyopita alipigana na mbwa usiyemjua, au alirudi na jeraha la kung'atwa?
3. Tabia yake imebadilika, mfano mkali amekuwa mpole au mpole amekuwa mkali?
4. Taya limelegea, mate yanamtoka, sauti imebadilika, au anashindwa kumeza?

Kama hana chanjo na una jibu la "ndiyo" kwenye mojawapo ya matatu ya mwisho, usimguse. Mfungie mahali asipoweza kutoka, ondoa watoto, mwite daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata. Kama ameshamng'ata mtu, au mate yake yameingia kwenye kidonda, osha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo. Asisubiri aone mbwa atafanyaje. Akianza chanjo asikose dozi hata moja.

Mbwa mwenye shida ya mgongo peke yake kwa kawaida ana akili zake. Anakutambua, anakula ukimwekea chakula, anameza maji vizuri. Tatizo lake ni miguu na maumivu. Tofauti hiyo ishike, ila usiitegemee peke yake kama mbwa hajachanjwa.

MAMBO MENGINE YANAYOFANANA NA UGONJWA WA MGONGO

Si kila mbwa anayeyumba ana diski mbovu. Katika mazingira yetu kuna haya pia:

- Kugongwa. Bodaboda au gari likimpiga, pingili ya mgongo inaweza kuvunjika, na nje usione hata mchubuko. Mgongo uliovunjika ukiuvuta, unamaliza kazi iliyoanzwa na bodaboda.
- Homa ya mbwa (distempa). Huwapata zaidi wasiochanjwa, hasa wadogo. Huanza na makamasi, kikohozi na kuhara, baadaye misuli inarukaruka na miguu inalegea.
- Nagana. Mkoa wetu una mapori yenye mbung'o. Mbwa anayekwenda porini na mifugo au wawindaji anaweza kupata vimelea hivi. Huishiwa damu, ana homa, macho yanaingia ukungu, anadhoofu mpaka anaonekana kama amepooza.
- Mnyoo wa umio (Spirocerca). Huyu wafugaji wa kuku mmsikilize. Hubebwa na wadudu wanaoviringisha mavi. Kuku akimla mdudu, kiluwiluwi cha mnyoo hubaki ndani ya mwili wa kuku. Ukimpa mbwa utumbo mbichi wa kuku, umempa na mnyoo. Mara nyingine mnyoo hupotea njia mwilini na kuharibu pingili au uti wa mgongo.
- Sumu. Sumu ya panya au dawa ya kilimo iliyoachwa wazi.

Ndiyo maana nasema uchunguzi uje kwanza, mikono ije baadaye. Anayeanza kuvuta bila kujua anavuta nini anabahatisha.

DISKI INAHARIBIKAJE?

Uti wa mgongo wa mbwa umelindwa na mfupa wenye vipande vingi, tunaviita pingili. Katikati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo, ndiyo diski. Nje ina gegedu gumu la nyuzinyuzi, ndani ina ute mzito kama jeli. Kazi yake ni kupunguza mshtuko mbwa anaporuka na kujikunja.

Mwaka 1952 mtaalamu wa Sweden aitwaye Hansen alieleza kwamba diski za mbwa huharibika kwa njia mbili, na mpaka leo madaktari wanatumia jina lake.

Aina ya kwanza huwapata mbwa wenye mwili mrefu na miguu mifupi: Dachshund, Pekingese, Beagle na French Bulldog. Ile jeli hukauka na kuwa ngumu kama chokaa mbwa akiwa bado kijana. Siku moja anaruka kutoka kwenye kiti au anageuka ghafla, diski inapasuka na kile kigumu kinarushwa juu, kinaupiga uti wa mgongo. Ndiyo maana jioni alikuwa mzima na asubuhi hainuki. Mara nyingi hutokea kati ya miaka 3 na 6, na sehemu inayoumia sana ni pale mgongo wa mbavu unapokutana na kiuno.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba chanzo kikubwa ni nakala ya ziada ya jini iitwayo FGF4, kwenye kromosomu ya 12 ya mbwa. Kwa lugha ya mfugaji, tatizo hili linarithiwa.

Aina ya pili ni ya mbwa wakubwa wenye umri, kama German Shepherd. Hapa diski haipasuki ghafla. Gegedu la nje linavimba polepole na kuubana uti kwa miezi au miaka. Mbwa anaanza kuburuta kucha, anayumba kiuno, anashindwa kupanda kwenye pikapu aliyokuwa anairukia.

Mbwa wetu wa kienyeji, wenye miguu mirefu na mwili mwepesi, hawana umbo la aina ya kwanza. Lakini mjini watu wanaleta mbwa wa kizungu, wanachanganya na wa kienyeji, tunapata chotara wa miguu mifupi wanaouzwa kama mapambo. Hao ndio wa kuangalia.

KIROPRAKTIKI NI NINI HASA?

Sasa turudi kwenye video. Kiropraktiki ni ufundi wa kusukuma au kuvuta viungo, hasa pingili za mgongo, kwa mikono. Ulianzishwa Marekani mwaka 1895 na mtu aitwaye Daniel David Palmer, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Aliamini kwamba magonjwa mengi yanatokana na pingili kukaa vibaya na kuzuia mishipa ya fahamu. Baadaye ufundi ukahamia kwa farasi na mbwa, na mwaka 1989 Wamarekani wakaunda chama cha kiropraktiki ya wanyama.

Ile sauti ya "ka" unayoisikia si pingili kurudi mahali pake. Ni gesi ndani ya majimaji ya kiungo, kama unapokunja vidole vyako vikalia. Vidole vyako havikuwa vimetoka mahali pake, lakini vililia.

Huku kwetu tuna wachuaji. Wapo wenye mikono mizuri kweli kwa mtu aliyeteguka kifundo au misuli iliyokaza baada ya kubeba mizigo bandarini, na siwadharau. Lakini mgongo wa mbwa mwenye diski iliyopasuka ni habari nyingine.

Fikiria tunda la chikichi. Likishakamuliwa na mawese yakatoka, je, ukilibonyeza kwa nje mafuta yatarudi ndani? Hayarudi. Diski ni hivyohivyo. Kitu kikishatoka na kukaa juu ya uti wa mgongo, hakuna mkono wa kukisukuma kirudi kikae. Ukivuta au kupinda mgongo kwa nguvu wakati huo, unaweza kukitoa zaidi na kuuponda uti uliokuwa umebanwa kidogo tu. Mbwa aliyekuja anayumba anaondoka amepooza kabisa.

Hata kule ilikoanzia, hakuna utafiti madhubuti unaoonyesha kwamba kuvuta mgongo kunaponya diski iliyopasuka. Watetezi wenye busara wa kazi hiyo wenyewe hawataki kumgusa mbwa aliyepooza ghafla kabla daktari hajamwona.

"MBONA MBWA WA JIRANI ALICHULIWA AKAPONA?"

Hili swali linakuja kila mara, na ni la haki.

Mbwa wengi ambao diski imewaumiza kidogo hupata nafuu wenyewe wakipumzika. Uvimbe unapungua, mwili unakula taratibu kile kilichotoka, neva zinaanza tena kazi. Inachukua wiki kadhaa. Sasa mchuaji akimchua mara mbili au tatu ndani ya wiki hizo, na mbwa akasimama wiki ya tatu, sifa inakwenda kwa nani? Kwa mchuaji. Ambao hawakusimama hawasimuliwi, wameshazikwa nyuma ya shamba.

Ni kama kupulizia dawa mvua ikiwa imekaribia kukatika, halafu useme dawa yako ndiyo iliyoikata mvua.

JE, MIKONO HAINA KAZI KABISA?

Ina kazi, ila kwa wakati wake. Baada ya daktari kusema hakuna kuvunjika na hakuna kichaa, kumpapasa na kumkanda mbwa taratibu kwenye misuli ya mapaja na mabega kunapunguza kukaza na kumtuliza. Kunyoosha miguu yake kwa upole, kama anayeendesha baiskeli akiwa amelala ubavu, kunazuia viungo visigande. Mbwa mzee mwenye mgongo mgumu anaweza kufaidika.

Mpaka wa kazi hiyo ni huu: usivute, usipinde, usikanyage, usibonyeze juu ya pingili zenyewe. Mbwa akilia au akigeuza kichwa kutaka kung'ata, acha. Mtu yeyote anayekuambia "nitarudisha pingili mahali pake", mshukuru, mwage kwa heshima.

Na ujue kwamba kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, kazi ya kutibu wanyama inasimamiwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Una haki ya kumuuliza anayetaka pesa yako kama amesajiliwa au kuandikishwa. Daktari wa kweli hakasiriki kuulizwa.

UTAJUAJE UKUBWA WA TATIZO?

Madaktari hutumia madaraja matano. Yajue, maana ukipiga simu ukamwambia daktari "yupo kama daraja la tatu", umemrahisishia kazi.

Daraja la 1: Anatembea vizuri ila ana maumivu. Mgongo ameukunja, hataki kuruka, analia akiinuliwa.
Daraja la 2: Anatembea mwenyewe lakini anayumba, miguu inapishana kama mlevi.
Daraja la 3: Hawezi kusimama na kutembea, ila miguu bado anaichezesha.
Daraja la 4: Miguu haichezi kabisa, lakini bado anasikia maumivu vidoleni.
Daraja la 5: Miguu haichezi na hasikii maumivu.

Kipimo cha maumivu kinachanganya watu. Daktari anabana kidole cha mguu wa nyuma kwa nguvu. Mbwa akivuta mguu tu, hiyo haitoshi, maana mguu unaweza kujivuta wenyewe bila habari kufika kichwani. Anachotafuta ni mbwa kugeuka, kulia au kutaka kung'ata. Hapo ndipo tunajua habari imefika kwenye ubongo. Kipimo hiki mwachie yeye.

Daraja la 4 na la 5 ni dharura. Kila saa ina maana. Usilale ukisema tutaona kesho.

UPASUAJI: TUSEME UKWELI

Tiba yenye nguvu kwa mbwa aliyepooza kwa diski ni upasuaji wa kuondoa kile kinachobana uti. Mbwa ambaye bado anasikia maumivu, karibu 9 kati ya 10 hutembea tena baada ya upasuaji. Aliyepoteza hisia hiyo, ni karibu 6 kati ya 10. Lakini upasuaji huo unahitaji daktari bingwa na picha maalumu, kwa sababu eksirei ya kawaida inaonyesha mifupa, uti wenyewe hauonyeshi.

Kutoka Gungu, mahali pa kuanzia kuulizia ni hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Ni zaidi ya kilomita elfu moja. Piga simu kwanza, uulize wanaweza kufanya nini na kwa gharama gani, kabla hujampakia mbwa mgonjwa kwenye safari ya siku nzima na zaidi. Kwa wengi wetu safari hiyo haiwezekani, na hakuna aibu kulisema. Ndiyo maana sehemu inayofuata ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa iko ndani ya uwezo wa kila mfugaji.

WIKI NNE ZA BANDA

Miongozo ya mabingwa wa wanyama iliyotolewa mwaka 2022 inasema mbwa anayetibiwa bila upasuaji awekwe kwenye nafasi finyu kwa angalau wiki 4. Lengo ni kuipa diski nafasi ya kufunga kovu bila kusukumwa tena. Nimeona wafugaji wakishindwa hapa kuliko mahali pengine. Wiki ya pili mbwa anaanza kusimama, mwenyewe anafurahi, anamfungulia, mbwa anamkimbilia mwizi wa kuku, diski inapasuka upya. Kupata nafuu si kupona.

Fanya hivi:

1. Banda. Tumia mbao na wavu wa kuku ulionao. Ukubwa awe anaweza kulala ubavu, kusimama na kugeuka, lakini asiweze kukimbia wala kuruka. Liwe na paa, kwenye kivuli na hewa.

2. Matandiko. Weka maranda makavu, tabaka nene, juu yake gunia safi au blanketi. Badilisha kila yakilowa. Mbwa asiyeweza kugeuka mgeuze kila baada ya saa 4 hadi 6, vinginevyo atapata vidonda vya kulalia na nzi watataga.

3. Haja. Mtoe dakika chache tu, mara tatu au nne kwa siku. Pitisha kanga au taulo chini ya tumbo lake, mbele ya miguu ya nyuma, ushike ncha zote mbili juu kama mtu anayebeba kikapu. Wewe ubebe kiuno, yeye atembee na miguu ya mbele. Kamba ifungwe kifuani, isifungwe shingoni.

4. Mkojo. Hili husahaulika na linaua. Mbwa aliyepooza mara nyingi hawezi kukojoa. Ukiona mkojo unadondoka matone, usidhani anakojoa. Kibofu kimejaa mpaka kinafurika. Mwombe daktari akuonyeshe kwa vitendo namna ya kukikamua, kisha ufanye mara tatu au nne kwa siku. Mkojo ukinuka sana au ukiwa na damu, mrudishe kwa daktari.

5. Chakula. Punguza, maana hafanyi kazi. Kila kilo ya ziada inaubebesha mgongo. Maji safi muda wote.

6. Baada ya wiki nne. Usifungue mlango na kumwacha. Anza na dakika 5 za kutembea na kamba, mara mbili kwa siku, ongeza kidogo kila wiki. Wanaokaa karibu na ziwa wananiuliza kuhusu kumwogelesha. Kutembea ndani ya maji kunasaidia misuli, ila daktari aruhusu kwanza, wewe umshike muda wote, na uchague mahali salama. Mamba hajui kama mbwa wako yuko kwenye mazoezi.

Katika wiki hizi nne unahitaji mlinzi mwingine. Panga mapema: kufuli nzuri, taa, au mkubaliane na jirani mlinde kwa zamu. Mbwa mgonjwa akisikia vurugu usiku atajitahidi kuruka, kwa hiyo banda lake liwe mbali kidogo na la kuku.

DAWA: USIFUNGUE KABATI LAKO

Usimpe mbwa diklofenaki, ibuprofeni wala panado uliyonunua kwa ajili yako. Dawa hizi zinaweza kumtoboa tumbo, kumharibu figo au ini, na kumuua kabla ya mgongo. Zipo dawa za maumivu za wanyama, kama meloksikamu, na dozi yake ataipanga daktari kwa uzito wa mbwa. Pia usikubali achomwe sindano ya steroidi leo na ya maumivu kesho kutoka kwa watu wawili tofauti. Zikichanganyika hutoboa tumbo. Miongozo ya 2022 yenyewe haipendekezi steroidi kama tiba ya kawaida ya ugonjwa huu. Andika kila dawa aliyopewa, jina na tarehe.

Kuna jambo moja zito. Baadhi ya mbwa wa daraja la 5, karibu mmoja kati ya kumi, uti wao huendelea kufa kuelekea mbele. Ndani ya siku chache tumbo linalegea, miguu ya mbele nayo inadhoofu, kisha pumzi inashindwa. Hapo mwombe daktari amlaze kwa sindano. Usimwachie kijana wa kazi na rungu. Mnyama aliyekulindia mali anastahili kuondoka bila mateso.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO YOTE HAYA

- Ukichagua mbwa wa ulinzi, chukua mwenye miguu mirefu na mwili mwepesi. Mbwa wa kienyeji mwenye afya anakutosha sana.
- Aliyewahi kuugua mgongo usimzalishe, hata kama ni mkali na watu wanataka watoto wake.
- Asinenepe. Ukimpapasa ubavuni uzisikie mbavu bila kuzitafuta.
- Asiruke kutoka kwenye pikapu au bodaboda. Mteremshe.
- Asishinde na mnyororo shingoni siku nzima, akiruka mnyororo unamkata kwa nguvu.
- Usimpe utumbo wa kuku mbichi. Chemsha.
- Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, kuanzia miezi mitatu. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, lakini huna sababu ya kuisubiri. Onana na afisa mifugo wa kata yako.

Kadi ya chanjo ndiyo karatasi ya bei rahisi kuliko zote shambani kwako. Siku mbwa atakapoamka hawezi kusimama, kadi hiyo ndiyo itakayokuambia kama unaweza kumkaribia na kumsaidia, au unatakiwa kusogea mbali na kupiga simu. Kama huna kadi, ifanye iwe kazi ya wiki hii. Kazi njema.